Nilimwambia Achemshe

Kazi iliingia saa nne usiku, wakati ambao kwa wateja wangu wa Marekani bado ni mchana. Maneno 1,500, dola 20, siku mbili. Mada ilikuwa tayari imechaguliwa: jinsi ya kunywa maji ya ziwa bila kuugua ukiwa umepiga kambi. Msomaji waliyemlenga ana hema, ana mbwa, ana gari la kupanda milima, na amefika ziwani kwa kupenda.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani Gatongora, kompyuta mapajani. Nyuma ya pazia mathe alikuwa amelala na mpwa wangu wa miaka 4. Kando ya mlango kulikuwa na mitungi 3 ya lita 20, miwili kati yake mitupu. Mfereji wa ploti ulikuwa ukitoa hewa tu tangu Jumanne, kwa hivyo asubuhi ningemngoja kijana wa mkokoteni atuletee maji ya kisima.

Nikajibu kwamba nimeikubali. Kwanza, siku hizi huchagui. Tangu mashine zianze kuandika, kazi za aina hii zimekuwa za kugombaniwa. Pili, niliona hii nitaimaliza kabla ya kulala. Ziwa nalijua. Niliishi Kisumu miaka miwili na kidogo nikisomea kemia, hadi karo ikanishinda nikarudi nyumbani. Nikaandika sentensi ya kwanza bila kufungua ukurasa wowote: njia ya uhakika ya kusafisha maji ya ziwa ni kuyachemsha.

Halafu nikasimama. Sentensi hiyo niliwahi kuisema kwa mdomo, kwa mtu ninayempenda, nikiwa na uhakika uleule.

*

Nikiwa Kisumu nilipangisha chumba Nyalenda, kwa mama mzee ambaye ploti nzima ilimwita Dani, yaani nyanya. Alikuwa na kibanda cha chai na samaki upande wa ufuo wa Dunga. Mimi aliniita Nyar Ruiru, binti wa Ruiru, na siku biashara ikiwa nzuri aliniita daktari. Nilimwambia kila mara kwamba kemia haitibu mtu. Alicheka, akaendelea kuniita daktari.

Mtu asiyelijua Ziwa Victoria hudhani ni la bluu kwa sababu kwenye ramani ni bluu. Upande wa Kisumu, siku za jua kali na upepo mdogo, ziwa huwa kijani. Simaanishi gugu maji, lile jani la maua ya zambarau ambalo kila mpiga picha hulitafuta. Hiyo ni shida nyingine, na ilifika upande wetu wa ziwa miaka ya mapema ya 1990. Ninamaanisha maji yenyewe. Hufanana na maji ya kuoshea brashi ya rangi, na kando ya mawe hujikusanya utando mzito kama uji, wenye harufu ya majani yaliyooza.

Chanzo chake hakina uchawi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote, na sehemu kubwa ya hicho kipande chetu ni Ghuba ya Winam. Ghuba hii ni kama mfuko wa suruali: kina chake ni kifupi na mlango wake wa kutokea ziwani ni mwembamba, kwa hivyo maji yakishaingia huchukua muda mrefu kubadilishwa. Mito kama Nyando na Sondu-Miriu huteremka na udongo na mbolea za mashamba ya juu. Mji unaongeza maji taka yake. Ndani ya mchanganyiko huo kuna nitrojeni na fosforasi, chakula kizuri sana kwa viumbe wadogo wanaoitwa sayanobakteria. Wakishiba, wakapata jua, na maji yakatulia, huzaana hadi ziwa libadilike rangi.

Hayo yote mimi wakati huo sikuyajua vizuri. Nilijua jedwali la elementi kwa kichwa na nilijua kuvaa koti jeupe.

Kuna wiki moja mifereji ya mtaa ilikauka. Dani akawa anatumia maji ya ziwa pale kibandani. Jioni moja nilimpata ameshika kikombe cha bati, anakiangalia ndani kama mtu anayesoma barua.

“Nyar Ruiru, wewe unasomea haya mambo. Hii maji iko na shida?”

Nikanusa. Nikainua kikombe kuelekea kwenye taa. Nakumbuka nilitumia sauti ya mhadhiri wangu.

“Dani, wewe chemsha tu. Ikichemka vizuri kila kitu kinakufa.”

Akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo sufuria kubwa ya kibanda haikutoka jikoni. Alichemsha ya chai, ya kunywa, ya uji wa mjukuu wake. Wateja wakiuliza maji, alisema kwa fahari kwamba hapa maji ni ya daktari. Nilijisikia vizuri, na sitadanganya. Nyumbani walikuwa wakiuza mbuzi ili nisome, na hapo angalau kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amefaidika na masomo yangu.

*

Mteja wangu wa Marekani ana sharti moja: kila dai liwe na marejeo. Ndiyo sababu usiku ule, nikiwa tayari nimeandika kwamba kuchemsha ni njia ya uhakika, nilianza kutafuta mahali pa kuegemeza sentensi hiyo. Nikakutana na Toledo.

Toledo ni mji wa jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Tarehe 2 Agosti 2014, siku ya Jumamosi, wakazi waliamka wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji. Zaidi ya watu laki nne. Maduka yakaisha chupa za maji asubuhi hiyohiyo, na amri ikaondolewa Agosti 4. Lakini kilichonishtua mimi ni mstari mmoja ndani ya tangazo: msichemshe maji haya. Kuyachemsha hakuondoi sumu, na kunaweza kuifanya iwe kali zaidi.

Nikasoma tena. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi.

Ziwa Erie upande ule ni kama Winam: kina kifupi, mashamba juu, mbolea ikishuka. Sayanobakteria walewale. Baadhi yao hutengeneza sumu inayoitwa maikrosistini, ambayo hulenga ini. Shirika la Afya Duniani, WHO, limependekeza kwamba maji ya kunywa kwa muda mrefu yasizidi maikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita. Maikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. Huwezi kuiona, kuionja wala kuinusa. Na haihitaji kuwa hai ili ikuumize. Hapo ndipo uhakika wangu ulipoanguka. Moto huua kilicho hai. Sumu haijawahi kuwa hai. Unapochemsha maji ya kijani, zile seli zinapasuka na kumwaga ndani ya sufuria sumu zilizokuwa zimeibeba. Kisha mvuke unapanda na maji yanapungua, lakini sumu haipandi na mvuke. Inabaki chini, ndani ya maji machache zaidi.

Kuna mfano mbaya kuliko Toledo. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji ya bwawa ambayo hayakuwa yametibiwa ipasavyo. Sumu iliingia moja kwa moja kwenye damu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kunywa si sawa na kuingiziwa kwenye mshipa, najua. Lakini tangu mwaka huo hakuna mwanakemia wa maji anayeweza kusema hakuambiwa.

Nikatafuta Winam. Ipo. Watafiti wameshaipima sumu hii kwenye ghuba, na mara nyingine kuikuta juu ya kiwango cha WHO, hata katika maji ya watu wanaoishi ufuoni. Tafiti zenyewe zilikuwa zimechapishwa kabla sijamwambia Dani achemshe. Zilikuwa mtandaoni wakati nikinusa kile kikombe.

Somo la kemia ya maji lilikuwa mwaka wa tatu, muhula wa pili. Mimi niliondoka muhula wa kwanza.

*

Sasa ngoja niseme hili kabla mtu hajafunga ukurasa na kwenda kuzima jiko. Kuchemsha si uongo. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, amiba, vyote moto unavimaliza. Ule mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 ulianzia hapa hapa Kiambu, baada ya sherehe ya harusi, ukaenea kaunti nyingine nyingi. Kama maji yako yana hatari ya kinyesi, na mengi yetu yanayo, chemsha, au tia klorini. Kosa langu halikuwa kumwambia Dani achemshe. Kosa lilikuwa “kila kitu kinakufa”.

Ukitaka kujua kinachofanya kazi, angalia wanachofanya wanaosafisha maji ya ziwa kwa mamilioni ya lita. Kisumu huvuta sehemu ya maji yake ziwani, pale pale Dunga, na sehemu nyingine hutoka mto Kibos kupitia Kajulu. Mtambo wa kawaida wa maji ya ziwa hauanzi na moto wala dawa ya kuua. Unaanza na shabu, ile ile ambayo mabibi zetu waliijua. Shabu ikikorogwa ndani ya maji, vumbi na seli ndogo zinazoelea hushikana, zikawa mabonge mazito. Mabonge yanazama kwenye matangi ya kutuliza. Maji ya juu yanapita kwenye mchanga. Klorini inakuja mwisho.

Mpangilio huo una akili kubwa ndani yake, na usiku ule ndio niliielewa kwa mara ya kwanza. Seli ya sayanobakteria ikiwa nzima, sumu nyingi huwa imefungwa ndani yake. Unatakiwa kuitoa majini ikiwa bado nzima, taratibu, bila kuipasua. Ukianza na klorini nyingi maji yakiwa bado ya kijani, unazipasua zote kwa pamoja na sumu inayeyuka ndani ya maji. Ikishayeyuka, shabu na mchanga haviishiki vizuri. Hapo unahitaji kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu wenye vitundu vingi mno, ambao huinasa. Na unahitaji mtu wa maabara anayepima kila siku ambayo ziwa limebadilika rangi.

Hivyo ndivyo maji ya ziwa yanavyokuwa ya kunywa. Matangi, mchanga, kaboni, maabara, mishahara. Halafu tukampa mama mmoja wa kibanda sufuria na gunia la makaa tukamwambia afanye kazi hiyohiyo.

*

Saa kumi na moja asubuhi mathe aliamka, akawasha jiko. Mathe huchemsha maji kama dini. Mpwa wangu alilazwa na homa ya matumbo akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tangu siku hiyo kwetu maji huchemka, hupoa, halafu yale ya mtoto huchemshwa tena. Nilimwangalia akifunua sufuria, mvuke ukipanda hadi kwenye mabati, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali nililopaswa kuuliza nikiwa na miaka 15: ndani ya maji yetu kuna nini ambacho hakijawahi kuwa hai?

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia. Chuoni watu waliniuliza kama natoka Nakuru. Kwenye picha za shule zote nimefunga mdomo. Ni floraidi. Kiasi kidogo hulinda meno, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Kikizidi, huharibu meno wakati bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, na kikizidi sana kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa. Kiwango cha mwisho cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na pembeni mwake, maji ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba ya volkano na kuichukua floraidi humo.

Nayo floraidi, kama sumu ya ziwani, haiondoki kwa moto. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Chukua lita 3 zenye floraidi, chemsha hadi zibaki 2. Floraidi ni ileile, maji yamepungua. Kila kikombe sasa kina mara moja na nusu ya ilivyokuwa. Na mathe alikuwa akiyarudia yale ya mtoto. Kwa upendo.

Nilichukua chupa ya maji ya kisima nikaipeleka maabara. Majibu yalikuja wiki iliyofuata: floraidi zaidi ya mara mbili ya kiwango. Nilimwonyesha mwenye kisima. Alisoma karatasi, akanirudishia.

“Watu wamekunywa hii maji miaka 20. Nani amekufa?”

Hakuna aliyekufa, kweli. Nikamwonyesha meno. Akaangalia kando.

Mpwa wangu ana miaka 4. Meno yake ya maziwa ni meupe kama mchele. Yale ya kudumu bado yako ndani, yanajengwa sasa hivi, kwa maji anayokunywa sasa hivi. Nilipomweleza mathe, hakubisha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: “Kwa hivyo ni mimi?”

Nilimwambia hapana, si wewe. Hakuonekana kuniamini, na sikushangaa, kwa sababu hata mimi usiku ule wa kwanza nilijiuliza swali hilohilo kuhusu Dani.

*

Ilinichukua siku 3 kupiga simu. Niliogopa kusikia kwamba mjukuu ni mgonjwa. Niliogopa zaidi kusikia kwamba Dani hayupo.

“Nyar Ruiru! Kumbe uko hai! Umeolewa?”

“Bado, Dani.”

“Basi hiyo masomo imekusaidia na nini?”

Tukacheka. Mjukuu yuko darasa la tatu, anacheza mpira, ni mnoko. Kibanda kipo. Nikamwambia nina jambo. Nikamweleza polepole, bila koti jeupe: yale maji ya kijani yana sumu ambayo moto hauiui, nilikuambia vibaya, nisamehe.

Kimya. Nikasikia mafuta yakilia kwenye kikaango.

“Ngoja nikuambie,” akasema. “Kabla uniambie nichemshe, mimi sikuwa nachota hapo kando. Mzee wangu alikuwa mvuvi. Maji ya nyumba alikuwa anachota mbali na mtumbwi, mahali iko wazi. Siku ziwa iko kijani, hatuchoti. Tunangoja upepo. Hivyo ndivyo tulikuta wazee wakifanya. Mzee alipoenda, nikawa nalipa vijana wa mtumbwi wanichotee huko mbali. Halafu wewe ukasema moto inamaliza kila kitu. Nikaona, sasa nalipa mtumbwi ya nini?”

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama ya kutojua. Hii ilikuwa kitu kingine. Dani alikuwa na ujuzi wake, wa kweli, uliojengwa na watu walioliangalia ziwa hilo maisha yao yote bila darubini: usichote kwenye kijani, nenda mbali, ngoja upepo. Mimi nikaja na nusu ya digrii nikaufuta kwa sentensi moja, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

“Daktari, uko hapo?”

“Niko, Dani.”

“Usilie. Sasa tunywe nini?”

Hilo ndilo swali, na makala za wapiga kambi hazilijibu. Mpiga kambi akishindwa, anarudi kwenye gari. Nilimwambia nilichoweza kusimamia. Maji ya mfereji au ya kioski cha bomba kwanza, kila yanapopatikana, hata kama ni ya kununua. Msimu wa mvua, maji ya paa: acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kinga inayofuata, hifadhi mahali pamefunikwa, na hayo ndiyo uchemshe au utie dawa. Ya ziwa yawe ya mwisho kabisa, na yakibidi, rudi kwa utaratibu wa mzee wako: mbali na ufuo, mahali pako wazi, halafu ndiyo uchemshe. Siku ya kijani usichote hata kidogo, na usidhani matone ya dawa ya klorini yatayageuza. Kwamba kuchota mbali kunapunguza hatari bila kuimaliza, nililisema pia. Nimeacha kusema “kila kitu”.

“Hiyo ya mvua,” akasema, “hata mamangu alikuwa anafanya.”

*

Kwetu Gatongora tumefanya hivyohivyo. Mathe alinunua mfereji wa bati wa kukingia paa na tangi dogo la plastiki, tukagawana bei na jirani. Maji ya mvua ni ya kunywa na ya uji wa mtoto, yanachemshwa mara moja. Ya kisima ni ya kufua na kuosha nyumba. Mvua ikikatika tunanunua ya kujaza, ile iliyochujwa kwa mashine yenye utando, ambao huondoa sehemu kubwa ya floraidi. Ni gharama, na inauma. Nakuru, Dayosisi ya Katoliki ilionyesha miaka mingi iliyopita kwamba mkaa wa mifupa ya ng’ombe unaweza kuinasa floraidi kwenye maji ya jamii nzima kwa bei ya chini kuliko mashine. Hilo nalo ni jambo la kufanywa na mtaa, au na wenye visima, halifanywi na mathe mmoja.

Kitu kinachonikera ni jinsi tunavyoiongelea hii mambo. Kila tangazo la afya linaishia kwa “chemsha maji”, kana kwamba maji salama ni tabia njema ya mama fulani. Asiyechemsha ni mzembe. Lakini aliyechemsha, mara mbili, kwa makaa ya bei ya leo, mtoto wake akatoka na meno kama yangu, huyo tunamwambia nini? Hapa kwetu Ruiru maji hayajawahi kuwa mbali. Bwawa lenye jina letu, Ruiru, lilijengwa enzi za mkoloni na maji yake huenda Nairobi. Mwaka 2022 bwawa la Karimenu II, kule Gatundu Kaskazini, lilianza kuwa tayari, na mtambo wake umejengwa kusafisha lita milioni 70 kwa siku kwa ajili ya watu wa Gatundu, Juja, Ruiru na sehemu ya Nairobi. Siku maji ya bomba yakifika ploti yetu, mathe hujaza hadi vikombe. Mabomba ya ploti ni hadithi nyingine, ya landlodi. Ninachosema ni kwamba maji yanayopimwa yapo. Swali la kumuuliza anayekuuzia au anayekuletea maji, awe landlodi, mwenye kisima au kampuni, si kama yamechemshwa. Muulize yamepimwa lini, na karatasi iko wapi.

Ile makala niliimaliza. Niliandika aya 4 kuhusu maji ya kijani: usiyachemshe ukidhani yako salama, usimruhusu mbwa wako ayanywe, tafuta maji mengine. Mteja alizikata 3. Alisema zinawaogopesha wasomaji, na ukurasa ule upo ili kuuza vichujio. Akalipa dola zake 20. Ndizo zilizolipia maabara.

Jana asubuhi nilipata picha kwenye WhatsApp kutoka nambari ya Dani. Mjukuu ndiye huitumia simu hiyo zaidi. Ni ufuo wa Dunga, maji yametulia, kando ya mawe kuna mstari wa kijani kizito, na kwenye kona ya picha kidole cha mtoto kinauelekeza. Chini ameandika: dani anauliza hii je.

Nikajibu: hapana. Hiyo msichote. Mwambie angoje upepo.